Mti wa Plamu Uliopandikizwa: Linda Kiungo Chake, Utengeneze Ungali Mchanga

Ndugu mkulima, tuseme umenunua miche 10 ya plamu iliyopandikizwa. Umeipanda vizuri, umeinyweshea maji, umeizungushia ua ili ng'ombe wasiile. Miaka mitatu imepita. Miti imekuwa mikubwa yenye majani mengi, nawe unangoja plamu nyekundu za kupeleka sokoni. Mwaka wa nne unafika, na miti 4 katika ile 10 inazaa mapichi madogo, magumu, yenye manyoya, ambayo hata watoto hawayataki. Unakasirika. Unasema kwamba aliyekuuzia miche alikudanganya.

Huenda hakukudanganya. Huenda miche ile ilikuwa plamu kweli siku ulipoipanda, na plamu ikafa shambani mwako bila wewe kujua. Makala haya yataeleza jinsi jambo hilo linavyotokea na jinsi ya kulizuia. Tena yataeleza namna ya kuutengeneza mti tangu ukiwa mchanga, ili matawi yake yaweze kubeba mzigo wa matunda bila kupasuka. Hayo ni mambo mawili, lakini njia yake ni moja: kuutazama mti mara kwa mara, na kukata kidogo kwa wakati wake.

Jambo hili linawahusu sana wakulima wa skimu za makao. Tangu skimu zile za kwanza zilipoanza katika nyanda za juu mwaka 1962, mashamba mengi yamegawanywa kwa watoto, na wajukuu nao wanangoja. Shamba likiwa dogo, mti unaokaa bure miaka minne ni hasara kubwa. Mahali pale pangeweza kutoa viazi, au majani ya ng'ombe. Kwa hivyo ukiamua kupanda mti, yafaa ujue unapanda nini.

MTI MMOJA, MITI MIWILI

Mti uliopandikizwa ni miti miwili iliyounganishwa. Chini ni mpichi ulioota kutokana na kokwa. Juu ni plamu. Mwenye kitalu hupanda kokwa za mapichi, na mche ukifika unene wa penseli huupasua gome kwa kisu kikali. Kisha huingiza humo jicho moja lililotolewa katika mti mzuri wa plamu, na kulifunga kwa utepe. Chini ya gome la mti kuna ngozi nyembamba, mbichi, yenye majimaji. Hiyo ndiyo inayoufanya mti unenepe. Ngozi ya jicho ikigusana na ngozi ya mche, zote mbili hutoa nyama mpya, zikashikana. Jicho likiisha kushika, mwenye kitalu hukikata kichwa cha mpichi, na nguvu yote ya mizizi huingia katika plamu.

Labda utauliza, kwa nini taabu yote hii? Kwa nini usipande kokwa ya plamu tu? Sababu yake ni kwamba kokwa ya plamu haitoi mti ulio sawasawa na mama yake. Unaweza kula plamu kubwa tamu, ukapanda kokwa yake, ukapata mti wa matunda madogo na makali. Njia ya kupata mti ule ule ni kuchukua kipande chake chenyewe.

Chukua mfano wa plamu ya Santa Rosa, ambayo inajulikana hapa Kenya. Mwaka 1885 Luther Burbank, mkulima wa mji wa Santa Rosa katika jimbo la California huko Marekani, aliagiza miche ya plamu kutoka Japani. Aliichanganya na plamu nyingine kwa miaka mingi, akichagua na kutupa, na mwaka 1906 aliitoa aina hiyo akaipa jina la mji wake. Tangu siku hizo mti ule umeenea duniani kwa kisu, kipande kwa kipande, kutoka mti hadi mti. Santa Rosa yako ni kipande cha mti ule wa kwanza. Uzi huo ukikatika shambani mwako, kokwa haiwezi kuurudisha.

Sasa angalia jambo kubwa. Miti hii miwili imeshikana, lakini haichanganyiki. Mpichi hubaki mpichi, na plamu hubaki plamu, hata mti ukiishi miaka 20. Mahali ilipoungana huonekana kama kifundo au pindo dogo katika shina, inchi chache juu ya ardhi. Hapo ndipo tunapopaita kiungo. Kila chipukizi linalotoka juu ya kiungo ni plamu. Kila chipukizi linalotoka chini ya kiungo ni pichi. Ukilishika neno hili moja umeshika nusu ya kazi.

MPICHI UNATAKA KUTAWALA

Mpichi ulio chini haukufa. Kichwa chake kilikatwa, lakini bado una macho yaliyolala ndani ya gome, na macho hayo yanangoja nafasi. Plamu ikidhoofika kidogo, macho ya chini huamka. Chipukizi la pichi husimama wima, hukua upesi, na huchukua maji na chakula kinachotoka katika mizizi. Mkulima asiyejua huliona, akafurahi, akasema, "Mti wangu una nguvu." Baada ya mvua mbili chipukizi lile limeupita urefu mti wa juu. Plamu imefunikwa, haipati jua, inakauka tawi kwa tawi. Mwishowe unabaki mpichi peke yake.

Mambo yanayoamsha macho ya chini ni haya. Kwanza, jembe. Mkulima akilima viazi au kabichi karibu sana na shina, hulijeruhi gome la chini, na mti hujibu kwa kutoa machipukizi. Tena katika jeraha lile huingia ugonjwa wa kutia mafundo katika mizizi. Pili, mifugo. Mbuzi au ndama akila kichwa cha plamu, nguvu ya mizizi hutafuta njia nyingine. Tatu, utepe wa kitalu. Usipofunguliwa, shina linaponenepa utepe hulinyonga, na plamu iliyo juu hudhoofika. Nne, kiangazi kirefu bila maji katika mwaka wa kwanza.

Jifunze kuyatambua majani. Jani la pichi ni refu na jembamba, limechongoka kama ncha ya mkuki. Jani la plamu ni fupi na pana zaidi. Ukiyaweka mawili katika kiganja chako huwezi kukosea. Waonyeshe watoto, na mtu unayemwajiri kupalilia. Inafaa pia kuchora mstari wa chokaa kuzunguka shina, juu kidogo ya kiungo. Kisha sheria ya nyumbani mwako iwe fupi: chini ya mstari mweupe, hapaoti kitu.

Kuyaondoa machipukizi si kazi ngumu ukiwahi. Likiwa bado laini, lishike kwa vidole karibu na shina, ulivute kwa nguvu kuelekea chini, ling'oke pamoja na kitako chake. Usilikate juu juu kwa panga. Ukiacha kisiki kifupi, macho yaliyo katika kisiki hicho yataamka, na mahali palipokuwa na chipukizi moja utaona manne. Kama limekwisha kuwa gumu, fukua udongo taratibu mpaka uone linapotokea, ulikate hapo hapo kwa kisu kikali, kisha urudishe udongo. Wakati wa mvua kagua miti yako mara mbili kila mwezi. Wakati wa kiangazi mara moja yatosha.

Shida hii haiko kwa plamu peke yake. Huko Japani wako watu wanaotunza miti midogo sana katika vyungu bapa, kazi inayoitwa bonsai. Mti mmoja wanaoupenda ni mepo, na aina zake zenye majani mekundu mara nyingi hupandikizwa juu ya mizizi ya mepo wa majani ya kijani. Mtunzaji akiliacha chipukizi la kijani liendelee chini ya kiungo, mwishowe wekundu wote hupotea. Mti ule hauzai tunda hata moja la kuuza. Hata hivyo mwenyewe huukagua kila anapoutilia maji, kwa ajili ya uzuri wake tu. Basi sisi tunaotafuta karo ya shule katika miti yetu, tutashindwaje kuikagua mara mbili kwa mwezi?

KUCHAGUA MCHE NA KUUPANDA

Nunua mche katika kitalu kilichokaguliwa na KEPHIS, siyo kando ya barabara kwa mtu usiyeweza kumpata tena. Uliza jina la aina, ukaliandike. Tazama kiungo: kiwe kimeshikana pande zote, bila ufa na bila gundi inayotoka. Tazama mizizi: ikiwa ina mafundo kama viazi vidogo, uache mche huo. Tena angalia kama utepe bado uko. Mche ukiisha kushika vizuri shambani, ukate utepe kwa upande ulio mkabala na jicho, uutoe wote.

Plamu hupenda mahali penye baridi, kwa sababu bila baridi mti haupumziki vizuri. Mashamba yaliyo juu ya futi 6,000 yafaa zaidi. Lakini usipande katika bonde dogo ambako jalidi hushuka usiku na kuyaua maua. Panda kwenye mteremko. Jambo jingine ni maji. Mizizi ya mpichi haivumilii kusimama majini. Huko Kinangop ziko sehemu zenye udongo mzito ambao maji hukaa juu yake wakati wa mvua. Ukiwa na shamba la namna hiyo, chimba mtaro wa kuondoa maji, au panda juu ya tuta lililoinuliwa. Usipofanya hivyo mizizi itaoza, na hapo hakuna dawa.

Chimba shimo la futi 2 kwa upana, na futi 2 kwenda chini. Udongo wa juu uweke upande mmoja, na udongo wa chini upande mwingine. Changanya udongo wa juu na debe moja au mawili ya samadi iliyooza kabisa, uurudishe shimoni kwanza. Panda mche ukiwa na kimo kile kile ulichokuwa nacho kitaluni, na kiungo kikae juu ya ardhi angalau inchi 4. Ukikifukia, gome linaweza kuoza hapo, tena hutaweza kuona chipukizi lilikotoka. Kati ya mti na mti acha futi 15. Kwa kipimo hicho ekari moja huchukua miti 190 hivi, lakini ni busara kuanza na michache unayoweza kuitazama.

Plamu nyingi za jamii hii ya Japani zahitaji mti wa aina nyingine karibu ili maua yapate chavua. Santa Rosa na Methley huweza kuzaa zenyewe, lakini nazo huzaa zaidi zikiwa na wenzao. Kwa hivyo panda aina mbili zinazotoa maua wakati mmoja. Usipige dawa ya wadudu mti ukiwa na maua, maana utawaua nyuki wanaokufanyia kazi bila mshahara.

KUUTENGENEZA MTI KAMA BAKULI

Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mti wa plamu ukiachwa wenyewe husimamisha matawi mengi wima, yakibanana kama ufagio. Ndani huwa giza. Matunda hukaa juu kabisa ambako mkono haufiki, na tawi lililobeba mzigo hupasuka na kushuka na gome la shina. Tunataka mti ulio wazi katikati kama bakuli, ili jua na hewa viingie, na mchumaji achume akiwa amesimama chini.

Mwaka wa kwanza. Ukiisha kupanda, kata kichwa cha mche kwa kimo cha futi 2 na nusu. Wakulima wengi huogopa kufanya hivi, lakini usiogope. Kata hiyo huamsha macho yaliyo chini yake, na ndiyo yatakayokuwa matawi makuu. Hakikisha tu kwamba unakata juu ya kiungo, na kwamba yako macho mazuri ya plamu chini ya kata hiyo. Machipukizi yakifika urefu wa mkono, chagua 3 au 4 yaliyokaa pande mbalimbali za shina. Yasitoke mahali pamoja; kati ya moja na jingine, kwenda juu, iwe upana wa kiganja. Hayo ndiyo matawi makuu ya mti maisha yake yote. Mengine yaondoe.

Tazama sana pembe kati ya tawi na shina. Tawi linalosimama karibu sawa na shina lina pembe nyembamba, na gome lao hubanwa katikati. Kwa nje utadhani limeshika, kumbe ndani hakuna kiungo cha mbao. Tawi la namna hiyo ndilo linalopasuka mwaka wa mavuno makubwa. Tawi lililofunguka, kama nusu ya pembe mraba au zaidi kidogo, hushika imara. Ikiwa tawi zuri limesimama mno, lifungue likiwa bado laini. Chukua kijiti, ukichonge pande zote mbili kama panda ndogo, ukitie kati ya shina na tawi. Au lifunge kwa kamba ya katani, uivute mpaka kigingi kilichochomekwa ardhini. Chini ya kamba weka kitambaa kipana. Kila mwezi ilegeze. Wale watunzaji wa bonsai hukunja matawi kwa waya, nao huutoa waya kabla haujauma gome, kwa maana kovu lake hukaa miaka mingi. Sheria hiyo ni ya kamba yako pia.

Mwaka wa pili. Wakati wa baridi, mti ukiwa umepukutisha majani, fupisha kila tawi kuu kwa theluthi moja hivi. Kata juu kidogo ya jicho linaloelekea nje, kwa sababu tawi jipya hufuata upande jicho linakotazama. Ukikata juu ya jicho linalotazama ndani, tawi litarudi katikati na kulifunga bakuli. Kila tawi kuu sasa litatoa matawi mawili. Machipukizi yaliyosimama wima katikati yaondoe.

Mwaka wa tatu na kuendelea. Kazi sasa ni kidogo. Ondoa matawi yaliyokufa, yaliyovunjika, yanayosuguana, na yanayojaza katikati. Usikate sana, kwa sababu plamu huzaa katika vitawi vya mwaka uliopita na katika vijiti vifupi vyenye macho mengi vilivyo kando ya matawi. Mkulima anayeviona vijiti hivyo kuwa uchafu, akavisafisha vyote, ameyatupa mavuno yake mwenyewe.

Wakati wa kupogoa ni mti unapopumzika, kabla macho hayajavimba. Katika nyanda za juu za kati, muda huo ni kati ya Juni na Agosti. Magharibi mwa Bonde la Ufa, mathalani Uasin Gishu na Trans Nzoia, mvua ni nyingi miezi hiyo, kwa hivyo ngoja siku kavu, maana ugonjwa huingia upesi katika jeraha lililolowa.

Tumia makasi ya kupogolea yaliyonolewa, na msumeno kwa tawi nene. Panga si chombo cha kazi hii. Pangusa makasi kwa spiriti utokapo mti mmoja kwenda mwingine. Tawi linapotoka katika shina kuna uvimbe mdogo kama kola ya shati. Kata nje ya kola hiyo. Usiache kisiki, wala usikate kola yenyewe, kwa kuwa hiyo ndiyo inayofunika jeraha. Zamani watu walipaka rangi au lami katika majeraha. Siku hizi imejulikana kwamba haina faida. Kata safi hufunikwa na mti wenyewe.

Mahali pasipo na baridi ya kutosha, mti haupukutishi majani yote, na maua hutoka machache machache. Unaweza kuusaidia kwa kuyaondoa majani yaliyozeeka kwa mkono, baada ya mavuno na baada ya mti kupumzika bila maji. Wakulima wa matofaa huko Batu, katika kisiwa cha Java, hufanya hivyo, nao huweza kuchuma mara mbili kwa mwaka. Hata hivyo mti mchanga au dhaifu usiuvue majani.

MTI UNAPOANZA KUZAA

Mti uliotunzwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Hapo mkulima hushikwa na tamaa, akataka kila tunda likae. Matunda yakibanana hubaki madogo, na mnunuzi hayataki. Tena uzito wake huvunja matawi uliyoyalea kwa miaka mitatu. Yakifika ukubwa wa gololi, punguza. Acha nafasi ya inchi 3 au 4 kati ya tunda na tunda. Utaona uchungu siku hiyo, lakini siku ya kuuza utafurahi. Tawi ambalo bado lina mzigo mzito, litegemeze kwa mti wenye panda.

Matunda yaliyoanguka yaokote yote, uyafukie futi 2 chini ya ardhi, maana ndani yake hukaa funza wa nzi wa matunda. Kila mwaka, mvua zinapoanza, mpe mti samadi, ukiitandaza chini ya matawi. Funika udongo kwa majani makavu, lakini majani hayo yasiguse shina. Usilime kwa jembe karibu na shina kuliko futi 3. Magugu ya hapo yang'oe kwa mkono. Wala usifunge ng'ombe katika mti wako wa plamu. Anaposugua shingo yake anachubua gome, na jeraha la chini huamsha mpichi.

KAMA MPICHI UMEKWISHA KUTAWALA

Labda unasoma haya na mti wako umekwisha kugeuka. Usikimbilie kuung'oa. Kwanza tafuta kiungo, utazame kama kuna tawi lolote lililo hai juu yake. Likiwapo, hata likiwa dogo kama kidole, ondoa pichi yote iliyo chini. Kama mpichi ni mkubwa sana, ondoa nusu sasa na nusu iliyobaki baada ya miezi michache, ili mizizi isishtuke. Tawi lile litainuka tena.

Ikiwa plamu imekufa kabisa, mizizi ya miaka mitatu au minne bado ni mali. Ikate miti hiyo chini wakati wa baridi, na katika machipukizi yatakayotoka acha moja zuri lililonyooka. Likifika unene wa penseli, mwite mtu ajuaye kupandikiza, alitie jicho la plamu pale pale shambani. Afisa wa Kilimo wa wadi yako au mwenye kitalu ataweza kukuelekeza. Kwa kuwa mizizi imekwisha kushika ardhi, jicho hilo litakua upesi kuliko mche mpya. Safari hii chora mstari wa chokaa siku ile ile.

KUMBUKA HAYA

1. Juu ya kiungo ni plamu, chini ya kiungo ni pichi. Kiungo kisifukiwe.
2. Vuta machipukizi ya chini yakiwa laini, pamoja na kitako chake. Usiache kisiki.
3. Fungua utepe wa kitalu mche ukiisha kushika.
4. Chagua matawi makuu 3 au 4 yenye pembe iliyofunguka, na acha katikati ya mti wazi.
5. Kata juu ya jicho linalotazama nje, mti ukiwa unapumzika, siku kavu.
6. Vijiti vifupi vyenye macho mengi viache, maana ndivyo vizaavyo.
7. Punguza matunda yakiwa kama gololi.
8. Jembe, mbuzi na kamba ya ng'ombe viwe mbali na shina.

Kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, zunguka miti yako ya plamu. Inama kwa kila mmoja, uitazame sehemu ile ya inchi chache kati ya ardhi na kiungo. Ukiona jani refu jembamba, ling'oe papo hapo. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja kwa mti, nayo ndiyo itakayoamua kama mwaka wa nne utapeleka plamu sokoni au la.